Rhobi na Walezi Wangu

Vijana wa ofisini mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwaga kabla yenu, na mkaniletea kalamu mpya kabisa, kana kwamba nilistaafu kwa kukosa kalamu. Nimekubali. Habari za vyeo na mshahara siandiki. Vyeo vilikuja vilipojisikia, na mshahara wetu kila mtu mtaani alikuwa anaukisia vizuri tu kwa kutazama viatu vyetu. Nimejaribu kuandika kumbukumbu hizi bila kumtaja Rhobi. Kila nikijaribu, zinakufa ukurasa wa pili. Basi nitamtaja, na nitamtaja kama alivyokaa moyoni mwangu, maana nimemwonea wivu mwanamke yule tangu wiki aliyoingia kazini mpaka leo asubuhi.

Kwa asiyenijua: naitwa Nyangeta, wengi huniita Mama Neema, nakaa Kigera hapa Musoma. Nilikuwa mkufunzi wa walezi. Chama chetu kina vikundi vya vijana Musoma, Bunda na Butiama, na kila kikundi kinaongozwa na watu wazima wa kujitolea: mkulima wa pamba, fundi cherehani, katekista, mama anayeuza dagaa. Hawa ndio tunaowaita walezi. Hawalipwi kitu. Wanajua kulima, kushona na kusali. Kukaa na kundi la vijana wanaobalehe bila kuwatisha na bila kugeuka mtumwa wao ni jambo jingine, na hilo ndilo nililofundisha.

Siku ya kwanza nilifika ofisini Nyakato, chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Unga ulikuwa juu ya meza, juu ya mafaili, na juu ya kichwa cha mzee aliyekaa hapo, nikadhani ni mvi. Kumbe mvi zilikuwa chache. Huyo alikuwa Mzee Masatu, mkufunzi pekee wa chama wakati huo. Tulisalimiana kwa kupiga kelele kwa sababu ya mashine.

"Umewahi kufundisha watu wazima?" akauliza.

"Nimefundisha darasa la nne, miaka mingi."

"Sahau yote."

Wiki ileile alinichukua Butiama, kwenye ukumbi wa parokia, akaniketisha katikati ya walezi wapya kana kwamba nami ni mmoja wao. Nilikasirika kidogo. Jioni tukiwa tunakunja karatasi akanieleza: "Mtu mzima akija kwenye mafunzo, saa ya kwanza yote hasikilizi unachosema. Anaangalia kama utamdharau. Akiona humdharau, ndiyo anafungua masikio. Wewe leo ulikuwa unaangalia nini?"

Nilikuwa naangalia kama atanidharau. Sikumwambia, lakini alijua.

Vifaa vyetu mngevicheka. Karatasi kubwa za kuandikia hazikuwepo, au zilikuwepo kwenye bajeti tu. Mzee Masatu alikuwa anaomba mifuko mitupu ya saruji kwa mafundi, anaipasua, anachukua karatasi ya ndani iliyo safi, anaipiga pasi ya mkaa. Tuliibandika ukutani kwa uji mzito wa muhogo. Mbuzi wa Butiama walikuwa wanaupenda uji huo. Mara mbili nilirudi kutoka kunywa chai nikakuta somo langu limeliwa mpaka nusu. Tulikuwa na kamba za katani za kufundishia mafundo, filimbi moja, na dumu la maji. Nilijifunza kuweka chai mwanzo, kabla ya somo lolote, kwa kuwa mtu aliyetoka shambani Kiriba kwa baiskeli hawezi kutafakari malezi na tumbo tupu. Nilijifunza pia kupanga viti kwa duara kabla watu hawajafika, la sivyo wanaume watakaa mbele, wanawake nyuma, na mwenyekiti wa kijiji ataomba meza.

Niliwapenda walezi wangu, hata wale wagumu. Kulikuwa na askari mstaafu pale Nyakato aliyewafundisha vijana gwaride kila Jumamosi, mwaka mzima, gwaride tu. Wazazi walifurahi, vijana wakabaki watano. Kulikuwa na fundi cherehani aliyejitolea kwa moyo wote hadi sare za kikundi zilipokwisha kushonwa. Kulikuwa na katekista mmoja ambaye ukimpa dakika kumi za mchezo anahubiri dakika arobaini. Niliwashika mmoja mmoja. Nilikuwa natembelea vikundi vyao, nakaa nyuma, naandika, kisha nawaambia. Kanuni zote mnazozitumia leo, za safari, za kambi, za kutokubaki na kijana peke yako chumbani, za majini, nyingi nilizitengeneza mimi kutokana na matembezi hayo. Mzee Masatu alizisoma, akasahihisha vituo, akasema, "Hizi zitakaa."

Kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Niliishi nayo miaka kadhaa. Kisha akaja Rhobi.

Alikuwa mlezi wa kikundi kimoja cha Butiama, mdogo kwangu kwa miaka mingi, mwanamke mrefu mwenye mwanya na kicheko kinachosikika barabarani. Mzee Masatu alimwona kwenye mafunzo akamleta ofisini. Siku yake ya kwanza alichelewa. Alipoingia, akamtazama mzee na ule unga kichwani, akasema, "Shikamoo babu, leo ugali unapikwa wapi?"

Nilisubiri radi. Mzee Masatu akacheka mpaka akashika meza. Mimi nilikuwa nimekaa naye miaka yote ile, na sikuwa najua kwamba jino lake moja la nyuma ni la dhahabu.

Basi ikawa hivyo. Mwandiko wa Rhobi ulikuwa kama kuku amepita kwenye udongo. Alisahau kamba, alisahau filimbi, siku moja alisahau hata ukumbi, akaenda Bunda wakati tunamsubiri Kiriba, na watu wa Bunda wakafurahi wakakusanyika, akawafundisha palepale! Nikifika mimi mahali, walezi wananipokea vizuri, shikamoo Mwalimu, karibu kiti. Halafu mmoja anachungulia nyuma yangu. "Rhobi hajaja?" Swali hilo nimelisikia Musoma, Bunda na Butiama, kwa Kiswahili, kwa Kijita na kwa Kizanaki. Nilianza kulijibu kabla halijaulizwa. Nashuka tu kwenye pikipiki nasema, "Rhobi hajaja."

Wivu wa kazini ni kitu cha ajabu, hauna siku ya mapumziko. Nilikuwa nahesabu muda anaotumia kwenye kufungua somo. Nilikuwa namsikiliza kupitia dirishani, nikitafuta kosa, na makosa yalikuwepo mengi, lakini watu walikuwa wanatoka kwenye vipindi vyake wanatembea wepesi. Wangu walitoka na daftari zilizojaa. Nilijiambia daftari ndiyo kazi yenyewe. Usingizini sikujiambia hivyo.

Sasa niwaeleze habari ya Mugeta, maana mnamjua akiwa mzee mtaratibu na mnadhani alizaliwa hivyo.

Mugeta alikuwa mkulima wa pamba na ng'ombe nje kidogo ya Bunda, na kikundi chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Alikuwa mwaminifu, hakukosa Jumamosi hata moja. Shida yake ilikuwa fimbo ya kuchungia. Alikuja nayo kwenye kikundi, na ingawa hakuwa anapiga sana, alikuwa anaielekeza. Na mdomo wake ulifanya kazi iliyobaki. Nilimpa mafunzo. Nikarudia. Nilifanya naye lile zoezi ambalo walezi wanakuwa vijana, na mmoja wao anakuwa mlezi mkali. Nilijifanya mkali mwenyewe, nikampigia kelele mpaka sauti ikakauka. Mugeta alicheka hadi machozi. Akasema, "Mwalimu, ungefaa kwenye maigizo," akachukua fimbo yake akaenda nyumbani.

Mwaka uliofuata mafunzo ya Bunda aliyaendesha Rhobi, mimi nikiwa msaidizi. Alifanya zoezi lilelile langu. Aliwagawia walezi kamba wafunge kiguu cha miti mitatu cha kutundikia sufuria. Mugeta akafunga, fundo likateleza, miti ikaanguka. Rhobi, aliyekuwa anacheza kama mlezi, hakupaza sauti. Alimsogelea, akatazama ile miti, akasema taratibu:

"Wewe Mugeta. Kila siku ni wewe tu."

Basi. Hakuongeza neno. Mugeta akaweka kamba chini. Watu wakacheka, kisha wakaona hachezi, wakanyamaza. Alitoka nje, akasimama kando ya baiskeli yake kama anayetaka kuondoka. Nikamgusa Rhobi: "Mfuate." Akatikisa kichwa. Tulikaa hivyo, ukumbi mzima, mpaka yule mtu aliporudi mwenyewe.

"Hayo maneno ni ya kwangu," Mugeta alisema. "Nilikuwaga namwambia mwanangu wa kwanza kila asubuhi. Kila siku ni wewe tu. Sasa yuko Mwanza. Simu yangu hapokei, anapokea ya mama yake." Akakaa. "Sikuwahi kusikia yanavyosikika."

Jumamosi iliyofuata hakwenda na fimbo kwenye kikundi.

Njiani kurudi Musoma nilijitafutia sababu. Nilijiambia ni bahati, zoezi ni lilelile, mtu ni yuleyule, amevuna nilichopanda mimi. Mwisho nikashindwa, nikamuuliza, "Ulijuaje useme maneno yale?"

"Nilienda kwenye kikundi chake Jumamosi mbili zilizopita, Mama. Nilikaa na wasichana tunamenya karanga za uji. Ndiyo maneno anayowaambia."

"Kwa nini hukuniambia umeenda?"

"Ilikuwa siku yangu ya mapumziko," akasema, kama vile hilo ni jibu.

Kwa hiyo hata bahati sikuachiwa. Kutembelea vikundi, kukaa nyuma, kusikiliza, hiyo ilikuwa kazi yangu mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nimemfundisha. Yeye alikaa kwa wasichana na karanga. Mimi nilikaa nyuma na kalamu, na vijana waliponiona walinyooka. Niliukaza mkoba wangu wa karatasi kifuani mpaka tukafika.

Mzee Masatu alipostaafu tulimfanyia sherehe ndogo pale Nyakato, mashine ya kusaga ikazimwa kwa heshima. Aliongea kidogo. Akasema anaacha ofisi kwenye mikono mizuri, kisha akatutazama sisi wawili tumekaa upande kwa upande. "Nyangeta anajua kazi," akasema. "Rhobi anajua watu." Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilifika nyumbani mume wangu akaniuliza kama chakula kilikuwa kizuri, nikamjibu kwamba najua watu wengi tu kuliko Rhobi. Aliacha kuuliza.

Tukio ninalotaka hasa mlijue lilitokea Kiriba, kwenye kambi ya walezi na vijana wao, mahali pa wazi karibu na ziwa. Ratiba ya Jumapili mchana ilikuwa kuvuka kwa boti ya injini kwenda kisiwa kidogo kilicho mbele pale, kuangalia ndege, kula, na kurudi. Rhobi ndiye aliyewaahidi vijana safari hiyo. Walikuwa wameiongelea usiku na mchana. Kuna wasichana wa Bunda ambao hawakuwahi kupanda boti maishani mwao, walivaa nguo za kanisani.

Boti ilifika. Mwenye boti alikuwa kijana mchangamfu, akashusha maboya ya kujiokolea mchangani. Yalikuwa machache, na mawili yalikuwa yamechanika, sponji inatoka. Vijana walishaanza kupanga foleni. Mugeta ndiye aliyekuwa mlezi wa zamu siku hiyo. Alishika boya moja, akaligeuza, akaliweka chini.

"Hatupandi," akasema.

Mwenye boti akacheka. "Mzee, ziwa leo ni kioo. Nimevusha kwaya nzima asubuhi, wako kule wanakula sangara."

"Sikatai. Ila maboya hayatoshi. Hatupandi."

Rhobi alikuja mbio kutoka jikoni. Niliiona sura yake. Alikuwa ameahidi, na kumvunjia kijana ahadi kulimuuma kuliko kitu chochote. "Baba, labda tuwapeleke kwa awamu? Kila awamu wavae wote."

Mugeta akafikiri kweli. Kisha akauliza, "Na upepo ukigeuka awamu ya kwanza iko kule, walezi wa kukaa nao ni nani? Nusu yetu huku, nusu kule, hakuna mahema. Hapana, Rhobi."

Mimi nilisimama pembeni. Kanuni ya majini, ile ya kila anayepanda avae boya zima na kikundi kisigawanywe na maji, ni yangu. Niliiandika kwa mkono wangu. Nikasema moyoni, leo. Leo watajua nani anafundisha.

Msichana mmoja wa mbele, mwenye gauni jeupe, akasema kwa sauti, "Kwa hiyo mmetudanganya."

Nilitazama mkono wa Mugeta. Zamani ungetafuta fimbo. Alichuchumaa chini mchangani ili wawe usawa mmoja, akasema, "Tumewaahidi kitu ambacho hatujakikagua. Hilo ni kosa letu. Mkikasirika mna haki. Kasirikeni, lakini boti hatupandi." Akabaki amechuchumaa, wakamkasirikia kweli, wengine wakalia, na yeye hakujitetea wala hakuondoka.

Halafu Rhobi akajitokeza mbele ya wote. "Aliyewaahidi ni mimi. Sikuuliza maboya yako mangapi. Baba Mugeta yuko sahihi, na mimi namshukuru."

Alasiri upepo uligeuka. Mnaolijua ziwa letu hamhitaji kuelezwa. Mawimbi yalipanda mpaka yakafika tulipoanika sufuria. Ile kwaya ilishindwa kurudi, ikalala kisiwani bila blanketi, ikarudi asubuhi imenuna na sauti zimekauka. Hakuna aliyeumia. Lakini vijana wetu walikaa wakilitazama lile ziwa, na msichana wa gauni jeupe akaenda kukaa karibu na Mugeta.

Na jioni ile, kwenye moto, wimbo wa shukrani waliuimba kwa ajili ya nani? Rhobi. Kwa sababu alikiri mbele ya watoto! Kanuni yangu, hapana ya Mugeta, wimbo wa Rhobi. Nilikula dagaa wangu na kila mmoja alikuwa na mwiba.

Nilivumilia mpaka watu wakaanza kuosha vyombo, kisha nikamfuata Mugeta. Nilijua ninachotaka kusikia na sikuona aibu kukitafuta.

"Leo umefanya kazi ya mlezi," nikamwambia. "Ulijifunza wapi kusema hapana namna ile?"

"Kwa Rhobi," akajibu mara moja. "Tangu siku ile Bunda."

"Na habari ya maboya?"

"Ah, hiyo ni ya kwako, Mwalimu. Hiyo nilikuwa nayo miaka yote, hata ukiniamsha usingizini naisema." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ila ningebaki na ya kwako peke yake, leo ningewafukuza majini kwa fimbo. Wangerudi wamenichukia, na kesho yake wangepanda boti kwa siri. Na ningebaki na ya Rhobi peke yake, ningewaonea huruma, tungepanda."

Alisema hivyo kama anayesoma hali ya hewa, akaenda kulala. Sijui kama alijua alichonipa. Nilikishika kwa mikono miwili, na bado mkono mmoja ulitaka kukitupa, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kutafuta ushindi na sikuupata. Nilitaka walezi wawe wangu. Kumbe walikuwa wetu, na hilo kwa mtu mwenye wivu ni habari mbaya sana.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine baada ya hapo. Nilimpangia vifaa vyake, kwa sababu vingesahaulika. Nilimwandikia karatasi zake, kwa sababu hazingesomeka. Yeye aliniingiza jikoni kwa wanawake wa Butiama ambao kwa miaka mingi waliniita Mwalimu tu, wakaanza kuniita Mama Neema. Msidhani tukawa marafiki wa kutembeleana. Kila akishangiliwa nilikunywa maji kuushusha wivu.

Nilipostaafu nilikaa nyumbani Kigera miezi michache, nikapanga upya kabati, nikamchosha mume wangu. Kisha nikaona kikundi cha vijana cha mtaani kwetu hakina mlezi wa kike, nikaenda kujitolea. Mwenyekiti wa kikundi, kijana mpole, alikuna kichwa. "Mama, ila kanuni inasema kila mlezi mpya lazima apitie mafunzo ya awali. Haijalishi ni nani."

Maneno hayo, "haijalishi ni nani," niliyaandika mimi.

Ndiyo maana leo asubuhi nilikuwa ukumbini Nyakato, kwenye kiti cha plastiki, safu ya nyuma, nikiwa na jina langu kifuani kwenye kipande cha karatasi. Mkufunzi alikuwa Rhobi. Miaka yote ile nilimsikiliza kupitia dirishani au nikiwa msaidizi, nikikagua saa. Sikuwahi kukaa mbele yake kama mtu aliyekuja kujifunza.

Aliuliza swali, kwa nini mnataka kuwa walezi. Hakuna aliyejibu. Mimi ningehesabu mpaka tatu nikajibu mwenyewe. Rhobi alisimama tu, ametulia, kama mtu aliyeweka maji motoni na ana siku nzima. Mwanaume mmoja, dereva wa bodaboda, akatazama viatu vyake, kisha akaanza kusimulia jambo ambalo bila shaka hakuwahi kumwambia mtu, na ukumbi mzima ukamgeukia. Nilikaa pale na wivu wangu wa miaka yote umenijaa kifuani, nikachukua ile kalamu yenu mpya, nikaandika: *subiri*.

Wakati wa chai alikuja moja kwa moja kwangu. Hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Mama, siku hizi hakuna wa kunikosoa," akasema. "Wananisifu tu. Niambie nimekosea wapi."

Nilikuwa na orodha kichwani, ndefu, ya miaka. Kuchelewa, mwandiko, vituo, kusahau kamba, kuanza chai baada ya somo. Niliipitia yote pale nimesimama na andazi mkononi.

"Paza sauti," nikamwambia. "Sisi wa nyuma hatukusikii vizuri, na tumekuja kukusikia."

Kengele ikagongwa, akarudi mbele, akavuta pumzi, akapaza sauti. Nilisikia kila neno.